Kamongo wa Tumbo Tupu

Tangu mwaka jana mimi ni mnunuzi wa matumbo ya samaki. Nafundisha baiolojia katika sekondari moja ya Didia, na huku nafundisha nasoma shahada ya pili. Utafiti niliojichagulia unahusu kamongo: anakula nini masika, anakula nini kiangazi, na tumbo lake linafanyaje kazi katika majira hayo mawili. Kamongo ni samaki mrefu, mnene kama mkono wa mtu mzima, mwenye mapafu, anayeweza kuishi ndani ya tope maji yakikauka. Ninampata karibu na Rwamgasa, kwenye bonde la udongo mweusi ambalo hujaa maji mvua zikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Watu wa pale huliita mbuga. Juu yake, kwenye mteremko, ipo mialo, yaani sehemu ambazo wachimbaji wadogo husaga mawe kwa mashine ziitwazo makarasha na kuosha unga wake kutafuta dhahabu. Maji ya mialo huteremkia mbugani. Hakuna kwingine yanakoweza kwenda.

Nilipachagua pale kwa sababu ya kawaida kabisa: mdogo wangu ameolewa Rwamgasa, kwa hiyo nina pa kulala.

Safari ya kwanza ilikuwa masika. Wavuvi walitega ndoana jioni na kuzikagua asubuhi, na mimi nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kisu mkononi, nikisubiri. Mmoja wao, mrefu, ambaye maji yakikauka hurudi kuchimba dhahabu, aliniuliza nataka samaki wa ukubwa gani.

"Wowote. Nataka tumbo tu, nyama chukueni."

Akawageukia wenzake. "Jamani, leo tumepata mteja wa ajabu. Sisi tunataka nyama, yeye anataka mavi. Hapa hatutagombana mpaka kufa."

"Mwalimu, hayo unawapikia wanafunzi?" akauliza mwingine.

"Wanaochelewa namba ya asubuhi."

Walicheka, na kuanzia siku hiyo wakawa wananiita Mama Matumbo.

Matumbo ya masika yalikuwa mazito. Nilikuta konokono waliosagwa pamoja na magamba yao, vichwa vya furu, wale samaki wadogo, miguu ya kaa, mabuu, na chini ya vyote hivyo tope laini la kijivu. Nililiangalia sana tope lile. Udongo wa mbuga ni mweusi. Kijivu ni rangi ya marudio, unga wa mawe uliokwisha kuoshwa na kumwagwa. Kamongo hafukui marudio kwa kuyapenda. Anamfuata konokono, na konokono anakaa humo.

Niliyafunga matumbo kwenye mifuko, nikayalaza kwenye chombo cha barafu, nikarudi nayo Didia. Katika maabara ya shule niliyasaga, nikachuja, nikapima vimeng'enya, vile vitu ambavyo mwili hutengeneza ili kuvunja chakula. Kipimo cha wanga ni rahisi, hata kidato cha kwanza wanakifanya: uji mwepesi wa wanga unatiwa ayodini, unakuwa wa buluu iliyokolea. Ukitia maji ya utumbo wenye vimeng'enya, wanga unavunjika na buluu inafifia mbele ya macho yako. Kipimo cha protini nilikifanya kwa maziwa, ambayo protini yake ikivunjika hupoteza weupe na kubaki maangavu kama maji. Kamongo wa masika alifuta buluu polepole, lakini maziwa aliyamaliza haraka. Ni tumbo la mla nyama, na lilikuwa kazini.

Nyumba ninayofikia Rwamgasa ni ya mama mkwe wa mdogo wangu. Ni Msukuma, mjane, ambaye alifanya kazi mwaloni tangu usichana wake hadi miaka michache iliyopita. Kazi yake ilikuwa kukamua zebaki. Zebaki hutiwa kwenye karai lenye unga wa mawe ili ishikane na dhahabu. Kisha kile kinachopatikana hutiwa kwenye kitambaa na kukamuliwa kwa vidole, zebaki ya ziada itoke, libaki donge jeupe la kuchomwa. Aliifanya kazi hiyo mikono mitupu, kama wenzake wote. Ni mcheshi, ana sauti kubwa, na ana tabia moja niliyoiona siku ya kwanza: akimimina chai, anajaza kikombe nusu. Nilidhani ni ubahili. Baadaye nikaona kwamba kikombe kikijaa kinamwagika, kwa sababu vidole vyake vinatetemeka.

"Ni baridi ya maji ya mwaloni, imeniingia kwenye mifupa," aliniambia aliponiona natazama. Mimi nilijua kwamba zebaki hutetemesha mikono, sikumwambia.

Mdogo wangu alikuwa amejifungua masika ya kabla ya hapo. Mtoto alizaliwa hapumui. Zahanati hawakusema sababu. Mama mkwe, yeye, alikuwa na sababu yake tayari. Alinieleza siku ileile ya kwanza, tumekaa jikoni, mdogo wangu akiwa ameenda kisimani.

"Yule mtoto aliuawa na samaki wa masika. Mimi mwenyewe nilikuwa namnunulia mama yake, sikujua. Samaki wa masika anakula maji ya mialo, na maji ya mialo yana zebaki. Wewe umesoma, unajua zebaki?"

"Naijua, Mama."

"Unaijua kwenye kitabu. Mimi nimeishika. Ni nzito kuliko chochote. Ukiimwaga kwenye karai, inakimbilia chini, inakaa hapo inang'aa. Haichanganyikani na maji, haichanganyikani na udongo. Sasa samaki akiimeza, itakwenda wapi? Itakaa chini, tumboni."

Ndiyo maana kila samaki aliyeingia nyumbani kwake alipasuliwa tumbo kwanza. Alikuwa akichukua utumbo, anauweka kwenye kipande cha kitambaa, anaukamua juu ya bakuli jeupe kwa namna ileile aliyokuwa akikamua mwaloni, kisha analitikisa bakuli juani akitafuta kitone kinachong'aa. Sikumwona akikipata hata mara moja. Hilo halikumtuliza. Alisema masika tumbo linakuwa na uchafu mwingi wa kuificha.

Sikubishana naye. Alikuwa sahihi kuhusu zebaki kuingia kwa chakula, na nilihesabu kwamba mtu anayeogopa samaki wa masika hatadhurika na samaki wa masika. Nilirudi Didia na barafu yangu.

Kiangazi nilipokuja tena, mbuga ilikuwa imekauka kabisa. Ardhi ilikuwa na nyufa ninazoweza kuingiza mguu. Wale wavuvi walikuwa wamegeuka wachimbaji, lakini siku ambazo mashimo ya dhahabu hayatoi kitu, waliteremka mbugani na sururu kuchimba kamongo. Maji yakiisha, kamongo huchimba shimo kwenye tope, anajikunja mkia ukifunika kichwa, anajizungushia ute unaokauka kuwa kama karatasi, anaacha tundu dogo la kupumulia. Anakaa humo mpaka mvua. Yule mvuvi mrefu alitembea akiinama, akitafuta matundu, na alipolipata moja aligonga ardhi kwa mpini wa sururu na kusikiliza.

"Yupo. Anakoroma," akasema. "Mama Matumbo, huyu nakwambia mapema, tumbo lake hakuna kitu. Utakula hasara."

Na kweli, hakukuwa na kitu. Ila sasa tumbo tupu lilikuwa na soko lake. Wanawake wa Rwamgasa walikuwa wamekaa kando ya shimo wakisubiri, na mchimbaji alipomtoa samaki alimpasua palepale mbele yao, akautoa utumbo, akaukamua juu ya jani. Jani likibaki safi, samaki anakwenda. Likipata doa, wanamkataa. Hakuna aliyenunua bila kuonyeshwa jani. Huyo ndiye waliyemwita kamongo wa tumbo tupu, na alikuwa chakula cha watu wachache: mjamzito, aliyejifungua, na mtoto anayeachishwa ziwa.

Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa mstari wa mbele. Alinunua mmoja, akanunua mwingine, akaniona, akanyanyua jani juu.

"Angalia, mwalimu! Kama sahani ya padri!"

"Shikamoo, Mama. Nani anakula wote hao?"

"Marahaba. Kwani hukuambiwa?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Nenda nyumbani ukamwone mdogo wako anavyotembea siku hizi. Kama bata."

Mdogo wangu alikuwa na mimba nyingine. Hakuwa ameniambia kwa simu kwa sababu aliogopa kuisema mapema kama alivyoisema ile ya kwanza. Nilimkuta amekaa mlangoni na bakuli la mchuzi mapajani, amenenepa mashavu. Juu ya moto wa jikoni kilining'inia kiroba chenye kamongo waliokaushwa kwa moshi, wa kutosha mpaka mvua.

"Asubuhi kamongo, mchana kamongo, jioni kamongo," akasema. "Dada, nikijifungua mtoto mwenye mapezi usishangae."

"Mwingine hapewi?"

"Nani? Mume wangu akigusa kipande, mama yake anampiga na mwiko. Anasema hiki ni cha mjukuu."

Nilichukua matumbo matupu, ambayo hakuna aliyeyataka, nikarudi nayo shule. Yalikuwa membamba kama uzi wa kushonea gunia. Nilisaga, nikachuja, nikatia kwenye wanga wenye ayodini, nikangoja. Buluu ilibaki buluu. Nilipoingia darasani ilikuwa buluu, nilipotoka ilikuwa buluu. Maziwa nayo yalibaki meupe. Tumbo lilikuwa limefungwa kazi, halitengenezi hata kile kidogo cha kujaribia.

Kwa utafiti wangu hayo yalikuwa matokeo mazuri. Niliyaandika vizuri. Ila nilipokuwa nasafisha meza nilikumbuka kitu nilichokigusa kule mbugani nikakipita. Wale kamongo walikuwa na vichwa vikubwa. Kichwa cha samaki hakikui kiangazi. Ni mwili nyuma yake uliokuwa umepungua. Kwenye mkia, mahali ambapo kamongo wa masika ni mgumu kama paja la mbuzi, kidole changu kilikuwa kimezama.

Kesho yake nilikuwa nafundisha kidato cha tatu lishe, na mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza swali ambalo huulizwa kila mwaka: mtu asipokula kabisa, mwili unapata wapi nguvu? Nilimjibu kama ninavyojibu kila mwaka. Unaanza na mafuta, kisha unakula misuli yake wenyewe. Nikageuka ubaoni kuandika, chaki ikasimama.

Kamongo wa kiangazi haachi kula. Anajila. Na zebaki aliyoimeza masika yote pamoja na konokono haikai chini ya tumbo ikingojea kukamuliwa. Ikishapita kwenye tope na vijidudu vya topeni, inageuka kitu kingine kisichong'aa, inaingia kwenye nyama na kushikana nayo. Nyama ikipungua, yenyewe haina haraka ya kuondoka. Wanawake wa Rwamgasa walikuwa wanaangalia jani. Mimi nilikuwa naangalia chupa ya buluu. Wote tulikuwa tunaangalia tumbo, na mdogo wangu alikuwa anakula nyama.

Niliondoka Didia siku ya kwanza isiyo na kipindi. Matumbo machache yalikuwa yametolewa yakiwa yameshikana na vipande vya nyama, nikavipeleka vipande hivyo mjini kwenye maabara yenye mashine ya kupima madini. Waliniambia mashine inangoja kifaa, wakanipokea vipande wakavitia kwenye friji. Bado vimo. Kwa hiyo nilifika Rwamgasa mikono mitupu, na mtu niliyetakiwa kumshawishi alikuwa mwanamke ambaye anaamini anachokiona kwenye bakuli jeupe.

Nilimkuta uani anapepeta mtama. Nilisalimia, nikakaa, nikangoja aniulize habari za safari mpaka ziishe. Kisha nikamuuliza:

"Mama, lile donge jeupe, mkishalikamua, dhahabu mnaitoaje?"

"Loo! Leo mwalimu anataka kufundishwa." Akaweka ungo chini. "Unalichoma. Zebaki inatoka, dhahabu inabaki."

"Inatoka kwenda wapi?"

"Na moshi."

"Unaiona kwenye moshi?"

"Nani anaona kitu kwenye moshi? Naona donge linageuka njano. Hapo najua imeondoka. Na tunakaa upande upepo unakotoka, kwa sababu ile hewa inaumiza kichwa."

"Kwa hiyo upo wakati zebaki ipo, na huioni."

Akanitazama vizuri, kicheko kikaondoka. "Mayu, sema ulilojia."

Aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kama binti anayemheshimu mama yake, na kwa namna alivyolitamka nilijua ameshajiandaa kupigana. Nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba kwenye moto zebaki inaondoka na dhahabu inabaki, na kwa kamongo aliyefukiwa ni kinyume chake: nyama ndiyo inayoondoka, polepole, kiangazi chote, na zebaki ndiyo inayobaki. Nilimwambia tumbo tupu halionyeshi kwamba samaki ni safi. Linaonyesha kwamba ana njaa.

Makarasha yalikuwa yananguruma upande wa pili wa barabara, na ardhi chini ya mkeka ilikuwa inatikisika kama kawaida ya pale.

"Wewe umeiona?" akauliza. "Hiyo zebaki ya kwenye nyama, umeiona kwa macho yako?"

"Hapana. Vipande viko mjini, havijapimwa."

"Basi tuko sawasawa. Mimi sijaiona kwenye tumbo, wewe hujaiona kwenye nyama. Tofauti ni kwamba mimi nimemzika mjukuu."

"Mama, ni mdogo wangu."

"Na tumbo ni la mjukuu wangu! Unataka nimpe nini? Nsansa na ugali mpaka azae? Mifupa ya mtoto itajengwa na majani makavu?"

"Nsansa, maharage, dagaa wa ziwani. Mpaka tujue."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua amesikia kuanzia wapi. Mkono mmoja ulikuwa juu ya tumbo, mwingine umeshika bakuli, na mchuzi ulikuwa bado unatoa moshi.

"Kwa hiyo nikimaliza hiki au nisimalize?" akauliza. Hakumuuliza mmoja wetu. Alituuliza wote wawili.

Kisha akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia mchuzi ukimwagwa.

Asubuhi kiroba hakikuwepo juu ya moto. Nilimuuliza mama mkwe amekipeleka wapi, akasema amekifukia. Nilitembea nyuma ya nyumba nikitafuta udongo uliochimbuliwa, nikaacha, kwa sababu Rwamgasa kila udongo umechimbuliwa. Jirani yao wa upande wa kisima ana binti mjamzito. Sikuuliza zaidi ya pale, na nilipopita kwake kuchota maji nilinusa moshi wa samaki, lakini harufu hiyo iko kwenye nyumba nyingi.

Nilimwomba mdogo wangu aje Didia mpaka ajifungue. Mumewe akasema atakuja akipata nafasi ya kumleta. Hajapata.

Mvua za kwanza zilianza mwezi huu. Mbuga ilishika maji, na yule mvuvi mrefu akanipigia simu kuwa kamongo wameanza kutoka. Nilikwenda wiki iliyopita. Nilinunua matumbo kama kawaida. Nilijua kwamba siku chache baadaye, maabarani, maziwa yangepoteza weupe tena haraka, kwa sababu samaki aliyelala na njaa hula kila anachokuta, na cha kwanza anachokuta ni konokono waliolala kwenye marudio. Ila siku hiyo sikuwa na haraka ya kurudi na barafu. Nilikwenda kwanza kwa mdogo wangu.

Alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, chumbani, mchana. Tumbo limekuwa kubwa. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu yake anachambua maharage, na alinikaribisha bila maneno mengi. Alimimina chai. Kikombe nusu.

"Anacheza?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Anacheza. Ila siyo kama yule wa kwanza. Yule alikuwa anapiga teke, unajua hili ni teke. Huyu ni kama… Dada, weka mkono."

Niliweka. Nilisikia mtikisiko mdogo, mwembamba, unaokuja na kupita. Nikamwambia hayo ni makarasha, hapa hata kikombe kinatikisika mezani. Akasema ngoja. Tukangoja. Baadaye umeme ukakatika, kama unavyokatika kila mvua ikitishia, na makarasha yakazimika moja baada ya jingine mpaka kukawa kimya. Ardhi ikatulia. Nilibana pumzi ili nisikie.

Wakati huohuo mama mkwe aliweka maharage pembeni, akasogea, na bila kuuliza akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Ulikuwa wa moto na mkavu, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kama siku zote. Mtikisiko ulipita mkononi mwangu. Ukapita tena. Sikuweza kujua unatoka juu, kwenye vidole vyake, au unatoka chini, kwa mtoto. Nilitaka kumwambia atoe mkono wake, hata kidogo tu, na nilipomtazama usoni nikaona kwamba naye anangoja kusikia kitu hichohicho.

"Unamsikia?" akaniuliza.

Mdogo wangu alikuwa ameinua kichwa, ananitazama mimi, siyo mama mkwe wake.

"Namsikia," nikasema.

Wote watatu tukabaki vilevile, hakuna aliyeondoa mkono, mpaka umeme uliporudi na ardhi ikaanza tena kutikisika.